Umechelewa kukata rufaa au kujibu madai? Hesabu siku zako, kisha omba kuongezewa muda hivi

Kila mwezi naletewa bahasha ileile. Ndani mna nakala ya hukumu iliyokunjwa mara nne, risiti mbili tatu, na aliyeishika ananiuliza kwa sauti ya chini: "Bado naweza kukata rufaa?" Nikifunua ukurasa wa mwisho nikaona tarehe, mara nyingi muda umeshapita. Hapo maswali yanafuatana. Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Jumapili zimo? Nilikuwa naumwa, je, inatosha? Aliyechelewa ni wakili wangu, mimi kosa langu nini?

Nayajibu hapa yote kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa mashauri ya madai Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Nimemwandikia anayejisimamia mwenyewe, na kijana anayemsaidia mama au mzee wake kufuatilia kesi. Shika jambo moja kabla hujaendelea: mahakama haikuongezei muda kwa kukuonea huruma. Inakuongezea kwa sababu umeieleza kila siku iliyopotea ilikwenda wapi, na kila siku ina karatasi yake.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Nakala ya hukumu, uamuzi au amri unayoipinga. Kama wewe ni mdaiwa uliyechelewa kujibu, tafuta samansi uliyopewa, yenye tarehe uliyoipokea.
- Barua uliyoandika kuomba nakala za hukumu na mwenendo wa shauri, yenye muhuri wa mahakama wa kupokelewa.
- Risiti zote za malipo ya mahakama.
- Kila karatasi inayoonyesha ulikuwa wapi siku zile: fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitali, tiketi ya basi, hati ya kifo, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.
- Kalenda ya mwaka husika yenye sikukuu za kitaifa. Usihesabu kwa vidole.
- Daftari.

Kama barua ya kuomba nakala hukuiandika kabisa, iandike leo. Nakala mbili: moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Huo muhuri wa wino wenye tarehe, uliogongwa hata kwa kupinda pembeni ya karatasi, nimeuona ukiokoa rufaa ambazo maneno matamu yasingeziokoa.

Hatua ya 1: Jua muda wako ni upi

Hakuna muda mmoja wa mahakama zote, na hapa ndipo ushauri wa kijiweni unapoua kesi za watu. Aliyeambiwa "rufaa ni siku 90" na jirani yake hakuambiwa kwamba jirani alitoka mahakama nyingine. Hii ndiyo mihula inayoulizwa sana:

- Kujibu madai kwa maandishi baada ya kupewa samansi ya kujibu, kwenye Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu: siku 21.
- Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30.
- Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, likapita Wilaya, sasa linakwenda Mahakama Kuu: siku 30.
- Rufaa ya shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kama sheria nyingine haijaweka muda wake: siku 90.
- Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia hapo barazani: siku 45.
- Kwenda Mahakama ya Rufani: taarifa ya kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu uliposajili taarifa.

Shauri la kazi lina njia yake. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukichelewa kuna fomu maalumu ya kuomba. Usichanganye na haya.

Kufungua shauri jipya kuna vipimo vya miaka chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89: madai ya mkataba miaka 6, fidia ya madhara uliyotendewa miaka 3, kudai ardhi miaka 12. Muda huo ukipita, mahakama haina mamlaka ya kukuongezea. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu watu wengi huleta maombi ya kuongezewa muda wa kufungua kesi na kurudi mikono mitupu, ada imeliwa.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kalenda

Siku ya hukumu haihesabiwi. Siku ya 1 ni kesho yake. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za katikati zinahesabiwa zote. Ila siku ya mwisho ikiangukia wakati mahakama imefungwa, unasajili siku inapofunguliwa.

Tuchukue mfano. Baraza la Ardhi limetoa hukumu Jumanne tarehe 3 Machi 2026. Siku ya 1 ni tarehe 4. Machi inakupa siku 28, zinabaki 17 za Aprili. Mwisho wako ni Ijumaa tarehe 17 Aprili.

Mfano wa pili una mtego. Mahakama ya Mwanzo imetoa hukumu Jumatano tarehe 4 Machi 2026. Siku ya 30 ni tarehe 3 Aprili, ambayo ni Ijumaa Kuu. Inafuata Jumamosi, Pasaka, Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Mahakama inafunguliwa Jumatano tarehe 8. Kwa sheria bado uko ndani ya muda. Lakini nakusihi usijipeleke huko kwa makusudi. Siku ya kwanza baada ya mapumziko marefu foleni masijala inatoka nje ya mlango, mtandao unasuasua, na ukikosa siku hiyo moja basi umeshakuwa mwombaji wa kuongezewa muda.

Tarehe ya mwisho ukishaipata, iandike kubwa kwenye jalada la daftari, kisha andika nyingine iliyotangulia kwa siku 10. Hiyo ya mapema ndiyo ya kufanyia kazi.

Hatua ya 3: Toa siku ambazo sheria inakusamehe

Kabla ya kuomba kuongezewa muda, hakikisha kweli umechelewa. Wapo wanaoomba kitu wanacho tayari.

Rufaa inayotakiwa kuambatana na nakala ya hukumu au ya tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), siku ulizokuwa ukisubiri nakala hizo hazihesabiwi. Ili usamehewe unahitaji tarehe mbili zenye uthibitisho: siku ulipoomba nakala, na siku zilipokuwa tayari au ulipokabidhiwa. Ukikosa ya kwanza, ya pili haikusaidii sana.

Sasa angalia kosa ambalo linaniuma kila nikiliona. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo haidaiwi kuambatanishwa nakala ya hukumu. Kanuni zake, za tangu mwaka 1964, zinataka hati ya rufaa yenye sababu zako. Mtu anakaa siku 60 akisubiri nakala, akidhani saa imesimama, kumbe inakwenda. Kama umetoka Mahakama ya Mwanzo, andika sababu zako ukiwa bado unakumbuka alichosoma hakimu, usajili. Nakala itakukuta njiani.

Siku nyingine zinazosamehewa ni zile ulizokuwa ukiendesha shauri hilohilo, kwa nia njema na kwa bidii, katika mahakama isiyokuwa na mamlaka. Na kwa wanaokwenda Mahakama ya Rufani, Msajili anaweza kutoa cheti kinachoonyesha siku zilizotumika kuandaa nyaraka, mradi uliomba nyaraka hizo kwa maandishi ndani ya siku 30 na mpinzani wako ukampa nakala ya barua. Watu wengi huandika barua kwa Msajili wakasahau kumpa mpinzani. Cheti kinakuwa hakina faida kwao.

Hatua ya 4: Peleka ombi mahali sahihi

Kanuni ya jumla: ombi linakwenda kwenye mahakama itakayosikiliza rufaa yenyewe. Umechelewa kutoka Mahakama ya Mwanzo, nenda Mahakama ya Wilaya. Umechelewa kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya, nenda Mahakama Kuu.

Kuna mawili ya kuangalia kwa makini. La kwanza, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo likaamuliwa na Wilaya kwa rufaa: hati ya rufaa ya kwenda Mahakama Kuu husajiliwa kupitia Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, lakini ombi la kuongezewa muda linapelekwa Mahakama Kuu yenyewe. La pili, ukichelewa kusajili taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani, anza na Mahakama Kuu. Ikikukatalia, una siku 14 za kuomba tena Mahakama ya Rufani.

Mdaiwa aliyechelewa kujibu madai ana dirisha dogo mno. Kwa marekebisho ya mwaka 2019, unaweza kuomba kabla siku 21 hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha. Ukionyesha sababu nzuri mahakama inakuongezea siku 10, zinazohesabiwa tangu tarehe ya amri. Mfano, umepewa samansi Jumatatu tarehe 9 Machi: mwisho wa kujibu ni tarehe 30 Machi, na dirisha la kuomba linafungwa siku 7 baadaye. Likishafungwa, mdai anaomba shauri lisikilizwe upande mmoja. Kwa hiyo samansi ukiipokea, usiiweke juu ya kabati ukasema utaisoma wikiendi.

Hatua ya 5: Tengeneza jedwali la siku

Hii ndiyo kazi yenyewe. Hatua nyingine zote karani au kijana wa steshenari anaweza kukusaidia. Hii ni yako peke yako, kwa sababu wewe ndiye unayejua ulikuwa wapi.

Mahakama ya Rufani, katika shauri la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya dhidi ya Wadhamini wa YWCA (jumuiya ya wanawake vijana Wakristo) lililoamuliwa mwaka 2011, iliweka vipimo ambavyo mahakama zote sasa zinavitumia: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii, si uzembe wala kulegalega, na kama kuna sababu nyingine nzito, kama vile uharamu (kosa la wazi la kisheria) ndani ya uamuzi unaopingwa, iangaliwe. Na mahakama hiyo imesema zaidi ya mara moja kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe.

Chukua daftari, chora safu tatu: tarehe, nilikuwa nafanya nini, uthibitisho. Anza na siku ya kwanza baada ya muda kuisha, maliza na siku unaposajili ombi. Turudi kwa hukumu ya baraza ya tarehe 3 Machi, ambayo muda wake uliisha tarehe 17 Aprili. Tuseme nakala ilikuwa tayari siku ileile ya hukumu, na ombi limesajiliwa tarehe 5 Mei. Zimepotea siku 18:

- 18 hadi 24 Aprili: nilikuwa nimelazwa tangu tarehe 10. Fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitali.
- 25 na 26 Aprili: Jumamosi na Jumapili, na tarehe 26 ni Sikukuu ya Muungano. Ofisi zimefungwa.
- 27 Aprili: nilikwenda ofisi ya msaada wa kisheria. Kadi ya mteja yenye tarehe.
- 28 na 29 Aprili: kuandaa hati ya maombi na kiapo. Kiapo cha aliyeniandalia, au barua yake.
- 30 Aprili: kuapa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo. Muhuri na tarehe kwenye kiapo chenyewe.
- 1 hadi 3 Mei: Mei Mosi, Jumamosi, Jumapili.
- 4 Mei: ombi limetumwa kwenye mfumo, likatoa kumbukumbu namba ya malipo jioni. Ukurasa uliochapwa.
- 5 Mei: ada imelipwa. Risiti.

Unaona? Hakuna siku iliyoachwa wazi. Angalia pia kwamba alilazwa tarehe 10, wiki moja kabla muda haujaisha. Hakimu au jaji atajiuliza: tangu tarehe 4 Machi mpaka tarehe 9 Aprili alikuwa akifanya nini? Sheria inadai maelezo ya siku za kuchelewa, lakini bidii yako inapimwa pia kwa ulivyotumia muda uliokuwa nao. Weka mstari mmoja au miwili ya hilo: lini uliomba nakala, lini ulitafuta msaada, lini uliuza mbuzi kupata ada.

Nilipoanza kazi hii niliandikia kiapo mzee mmoja, nikaandika: "niliugua kwa muda mrefu." Nilidhani fomu ya hospitali niliyoambatanisha inajieleza. Ilionyesha kalazwa siku 9. Ucheleweshaji ulikuwa wa siku 31. Siku 22 sikuzigusa, na ombi likakataliwa kwa hizo 22. Mzee hakunilaumu, alinishukuru na nauli akanipa. Tangu siku hiyo siandiki kiapo bila jedwali.

Hatua ya 6: Andika hati ya maombi na hati ya kiapo

Hati ya maombi inasema unaomba nini na chini ya kifungu gani. Taja kifungu kutoka toleo la sheria linalotumika sasa, maana namba hubadilika sheria zinapochapwa upya. Angalia kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure. Taja pia idadi ya siku unazoomba, mfano 14, usiiachie mahakama ibuni. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo usimlipe mtu pesa ya kukutafsiria.

Kwa rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo, ombi linakuwa la maandishi, lieleze sababu za kuchelewa, na liambatane na hati ya rufaa au litaje sababu za kupinga uamuzi. Mahakama ya Wilaya inaweza kumruhusu mwombaji kueleza sababu za kuchelewa kwa mdomo, zikaandikwa. Mama asiyejua kusoma asikatishwe tamaa mlangoni.

Hati ya kiapo ndiyo inayobeba ushahidi. Iandike hivi:

1. Aya ya kwanza: wewe ni nani katika shauri hili.
2. Aya zinazofuata: jedwali lako, tarehe kwa tarehe, kila aya tukio moja.
3. Taja kila kielelezo kwa alama yake na ukiambatanishe.
4. Ukimtaja mtu mwingine, mfano karani aliyekuambia "rudi wiki ijayo", au mwanao aliyekuuguza, mtu huyo naye aape kiapo chake. Bila hicho ni maneno ya kusikia.
5. Usiweke hoja za kisheria, malalamiko wala maombi. "Hakimu alinionea" si jambo la kuapia.
6. Malizia na uthibitisho: aya zipi unazijua mwenyewe, zipi umeambiwa na nani.
7. Saini mbele ya kamishna wa viapo, aandike mahali na tarehe. Asiwe wakili anayekutetea katika shauri hilohilo.

Kama sababu yako ni uharamu, lazima uonekane wazi kwenye kumbukumbu, bila kuhitaji mabishano marefu kuuchimbua. Mfano, mahakama ilisikiliza shauri isilokuwa na mamlaka nalo, au ulihukumiwa bila kupewa nafasi ya kusikilizwa. Kuona kwamba hakimu aliupima vibaya ushahidi ni sababu ya rufaa. Uharamu ni jambo jingine. Andika uharamu huo ndani ya kiapo na uambatanishe hukumu inayouonyesha.

Hatua ya 7: Sajili, lipa, mfikishie mpinzani

Usajili sasa ni wa kielektroniki. Kanuni za mwaka 2018 zinahesabu waraka uliotumwa kabla ya saa 6 usiku kuwa umeingia siku hiyo. Lakini usilale bila kulipa. Mahakama zimeshaamua kwamba waraka unahesabika umesajiliwa siku ada ilipolipwa, na nimeona ombi lililotumwa Ijumaa likahesabiwa la Jumatatu kwa sababu mwenye nalo alisubiri mtandao wa simu utulie.

Mfumo ukigoma, piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa hitilafu, tarehe na saa. Kesho yake ya kazi uwe masijala asubuhi umwone naibu msajili au hakimu mfawidhi kuomba nafuu, kabla ya saa 9 alasiri. Usingoje wiki.

Mpinzani akishapewa nakala, hakikisha uthibitisho wa kupokea unarudi kwenye jalada.

Hatua ya 8: Siku ya kusikilizwa

Fika mapema. Mjibu maombi huenda ameleta kiapo kinzani. Kisome, hasa aya zinazogusa tarehe. Ukiitwa, mpitishe Mheshimiwa kwenye jedwali: "Mheshimiwa, muda uliisha tarehe 17 Aprili. Kuanzia tarehe 18 hadi 24 nilikuwa nimelazwa, kielelezo cha kwanza." Usiongeze sababu mpya ambayo haimo kwenye kiapo, maelezo ya mdomo si ushahidi na mpinzani atasimama papo hapo kupinga.

Ukiagizwa kuleta hoja kwa maandishi, tarehe uliyopangiwa ni kama siku ya kufika mahakamani. Kutoleta hoja kunahesabiwa sawa na kutohudhuria, na ombi linaweza kufutwa hata kama kiapo chako kilikuwa kizuri.

Hatua ya 9: Ukikubaliwa, usipumzike

Amri itasema una siku ngapi. Zihesabu siku hiyohiyo kabla hujatoka viwanja vya mahakama. Rufaa iwe imeshaandikwa tayari wakati ombi linasikilizwa, ili ukikubaliwa isajiliwe kesho yake. Anayepoteza muda alioongezewa anarudi mwanzo, na safari hii anaeleza kuchelewa mara mbili.

Sababu ambazo hukataliwa kila siku

"Sikujua sheria." Haikubaliki, hata kwa mtu asiye na wakili. "Wakili wangu alizembea": kwa kawaida haipokelewi, kwa sababu kesi ni yako na ulipaswa kuifuatilia. "Tulikuwa tunazungumza nje ya mahakama": mazungumzo ya usuluhishi hayasimamishi muda. Zungumzeni, ila rufaa iwe imesajiliwa. "Sikuwa na pesa": peke yake ni dhaifu, iambatane na hatua ulizochukua kutafuta msaada wa kisheria, zenye tarehe.

Ipo na hoja ya Katiba, Ibara ya 107A, kwamba haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Naipenda ibara hiyo, nayo imewasaidia wengi. Lakini Mahakama ya Rufani imeshasema ukomo wa muda si suala la kiufundi. Unagusa mamlaka ya mahakama yenyewe. Usiifanye kuwa nguzo yako pekee.

Mambo yakikwama

*Rufaa yangu niliileta ndani ya muda, ikaondolewa kwa kasoro.* Muda uliokaa mahakamani na rufaa ile huitwa ucheleweshaji wa kiufundi, na mahakama huusamehe. Utakachoulizwa ni siku zilizofuata baada ya kuondolewa. Chukua nakala ya uamuzi huo haraka, lete ombi ndani ya siku chache, na jedwali lianzie siku ya kuondolewa.

*Sijui kama shauri langu "limeondolewa" au "limefutwa".* Soma mstari wa mwisho wa uamuzi. Likiondolewa kwa kasoro, unaweza kurekebisha ukarudi, ukizingatia muda. Likifutwa kwa kuwa nje ya muda, hulileti tena mlango uleule. Njia iliyobaki ni kuupinga uamuzi huo juu.

*Hukumu imetolewa upande mmoja, nami sikupata samansi.* Usikimbilie rufaa. Omba mahakama ileile iitengue. Kama hukumu ilitolewa kwa sababu hukuleta majibu ya maandishi, una siku 21 tangu hukumu. Kama ni kwa kutohudhuria siku ya kusikilizwa, ni siku 30. Ukishachelewa na hizo, unaanza na ombi la kuongezewa muda, na siku ulipoijua hukumu hiyo kwa mara ya kwanza lazima uithibitishe. Mara nyingi ni siku dalali wa mahakama alipokuja kubandika tangazo. Tangazo hilo lipige picha kabla halijachanwa.

*Mpinzani ameshaanza kukazia hukumu, yaani kuitekeleza.* Ombi la kuongezewa muda pekee halizuii nyumba kuuzwa. Unahitaji ombi tofauti la kusimamisha utekelezaji, na hapo tafuta wakili siku hiyohiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa waliosajiliwa.

*Nataka kuishtaki Serikali na muda unakaribia kuisha.* Sheria inadai notisi ya siku 90 kwanza. Ziweke kwenye hesabu yako mapema, usizigundue mwezi wa mwisho.

*Muda wa kufungua shauri lenyewe umepita.* Angalia kwanza kama mdaiwa aliwahi, kabla muda haujaisha, kukiri deni kwa maandishi yenye saini yake au kulipa sehemu ya deni. Hapo hesabu inaanza upya tangu siku hiyo, na ni lazima ulieleze jambo hilo ndani ya hati ya madai. Kama hakuna, mahakama haina la kufanya. Aliyepewa mamlaka na Sheria ya Ukomo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, anayeweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa awali. Barua unamwandikia yeye, ukiambatanisha jedwali lilelile la siku.